Kutoka Mkuu hadi Kilimani

Anayeitafuta historia ya Rombo asiishie Rombo. Ashuke pwani, avuke maji mpaka Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar. Mambo yetu mengi yaliandikwa na watu wa bahari.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mangi Horombo wa Keni, jirani na Mkuu, aliitiisha Rombo na kujenga maboma ya mawe. Misafara ya Waswahili nayo ilipanda Mlima Kilimanjaro kufuata pembe za ndovu. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya mlima huo, Mei 1848, aliyemwongoza ni Bwana Kheri, kiongozi wa msafara. Njia ile Bwana Kheri aliijua kabla ya mmisionari.

Tazama kitambaa kimoja tu: merikani. Kilifumwa Marekani, kikaletwa Unguja na merikebu za Salem, kikabebwa begani hadi mlimani. Pembe zikashuka kwa njia ile ile. Sultani Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833. Mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili ikiwa na pembe, karafuu na sandarusi, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman.

Mwaka 1885 Sultani Barghash alimtuma Jenerali Lloyd Mathews huku kwetu, na wamangi, watawala wa Kichaga, wakakubali bendera nyekundu ya Unguja. Punde akafika Karl Jühlke na mikataba ya Kijerumani. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakagawana nchi, mlima ukaenda kwa Wajerumani. Bendera ya mabaharia ilipepea Uchagani kwa muda mfupi mno, nasi hatuwafundishi watoto habari hiyo.

Nyaraka za Zanzibar zilianzishwa mwaka 1956. Zimo karatasi za ubalozi mdogo wa Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1841. Majalada yake yana alama AA. Zimo pia barua za masultani, na miswada ya Kiarabu ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Jalada huagizwa kwa namba, husomewa mezani pale pale, halitoki.

Mwalimu wa historia wa Rombo, ukiwapeleka wanafunzi Unguja, wasirudi na picha za Forodhani peke yake. Wapitishe Kilimani, uombe waonyeshwe majalada ya AA.