Fidia ya Tumbaku Kule Virginia

Nimekulia Urambo, nikichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku usiku ili majani yasiharibike. Tumbaku tunayoikausha kwa mvuke inaitwa kwa jina la jimbo la Virginia, kwa hiyo yaliyowapata wakulima wa huko nayafuatilia kama habari za ukoo.

Tangu miaka ya 1930 serikali ya Marekani ililinda bei kwa kugawa viwango vya kuuza. Haki hiyo iliambatana na ardhi na ikarithiwa nayo. Mjane asiyeweza tena kulima aliikodisha, akala kodi yake. Utaratibu huo ulivunjwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwenye haki alilipwa dola 7 kwa kila ratili, mlimaji dola 3, malipo yakagawanywa kwa miaka 10, na gharama wakabebeshwa watengenezaji na waingizaji wa bidhaa za tumbaku. Mzee wangu, ambaye mteuzi wa tumbaku akishusha daraja alirudi nyumbani na deni la mbolea tu, angedhani namtania.

Lakini hundi huliwa zikaisha. Kinachonivutia zaidi ni fungu la pili. Novemba 1998 kampuni kubwa za sigara zilikubali kuyalipa majimbo 46 takriban dola bilioni 206 kwa miaka 25, kufidia gharama za kuwatibu wavutaji. Mwaka uliofuata, bunge la Virginia lilitenga nusu ya mgawo wa jimbo kwa tume ya kuwafidia wakulima na kufufua uchumi wa wilaya za tumbaku, kusini na kusini-magharibi. Ilikuwa bado mapema: minada ilikuwa ikiendelea.

Kwa msaada wa fedha za tume hiyo, Danville, mji wa minada na viwanda vya nguo, ulipata taasisi ya utafiti na mafunzo mwaka 2004. Vijijini zikafukiwa nyaya za intaneti ya kasi, zikimilikiwa na ushirika usiogawana faida. Mwaka 2010 Microsoft ikatangaza kujenga kituo cha data karibu na Boydton, uwekezaji wa karibu dola milioni 500. Ajira zilizoahidiwa mwanzoni? Hamsini. Msimu mmoja wa kuvuna majani uliajiri wengi kuliko hao.

Wizi nao haukukosekana. Aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa jimbo alifungwa mwaka 2010 kwa kuchota mamilioni yaliyotolewa na tume kwa ajili ya elimu ya watu wazima. Hata hivyo mwizi aliondoka na fedha, nyaya zikabaki ardhini.

Marekani haijaridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku. Tanzania iliuridhia mwaka 2007, na kifungu cha 17 kinataka wakulima wasaidiwe kupata shughuli mbadala. Waheshimiwa madiwani wa Urambo na Kaliua, ushuru wa tumbaku mnaukusanya kila msimu. Tengeni fungu la mbadala sasa, wakati marobota bado yana mnunuzi.