Ngeli Ubaoni: Ufundishaji wa Sarufi ya Kiswahili katika Shule za Kitui na Makueni

Makala hii inakusudia kueleza kwa mukhtasari jinsi sarufi ya Kiswahili, na hasa somo la ngeli, ilivyofundishwa Kitui na Makueni. Historia nzima ya elimu ya Ukambani si jambo tunaloliweza hapa. Hoja yetu ni moja. Vitabu vya sarufi vilivyoongoza madarasa hayo viliandikwa kwa muda mrefu kwa ajili ya mtu ambaye lugha yake haina ngeli, ilhali aliyeketi mbele ya ubao alikuwa mtoto aliyezinyonya ngeli pamoja na maziwa ya mama yake. Makosa mengi ambayo mtoto huyo amehesabiwa hayakutokana na kutojua sarufi, bali na kujua sarufi nyingine.

Yafaa tuanze na jambo ambalo husahauliwa. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf alisafiri kutoka Rabai hadi Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya Wakamba. Mwaka uliofuata, 1850, alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili na Kikamba vimepangwa ubavu kwa ubavu pamoja na Kinyika, Kipokomo, Kiyao na lugha ya Waoromo. Ulinganishi wa lugha hizi mbili basi ulitangulia shule zote za Ukambani. Walutheri wa Leipzig walifika Ikutha, Kitui, katika miaka ya 1890, na Misheni ya Africa Inland ilianza kazi yake Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Baadaye Kikamba kiliandikiwa sarufi zake: ya Gerhard Lindblom mwaka 1926, na utangulizi wa Whiteley na Muli mwaka 1962. Hizo zilisomwa na wageni waliotaka kujifunza Kikamba. Sijapata kumwona mwalimu wa Kiswahili aliyeingia darasani na mojawapo.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe ilikuja kwa njia nyingine. Askofu Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Mwaka 1944 kikatokea kitabu cha E. O. Ashton, ambacho hapana mwanafunzi wa lugha hii asiyekijua. Ashton alizipanga nomino kwa viambishi vyake vya umoja na wingi: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA na kadhalika. Ni kazi kubwa, na nisidhaniwe kuibeza. Lakini kiliandikwa kwa Kiingereza, na msomaji aliyekusudiwa ni yule ambaye lazima aelezwe kwanza kwamba kivumishi na kitenzi hubadilika kwa kufuata nomino. Mtoto wa Mutomo au wa Wote hahitaji kuelezwa hivyo. Anajua, ingawa hajui kwamba anajua.

Kwa muda mrefu suala hili halikumsumbua mtu, kwa kuwa somo lenyewe halikuheshimiwa. Kuanzia 1957 mbinu mpya ya kufundishia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ilianza kuenea, na Tume ya Ominde ya 1964, ijapokuwa ilitaka Kiswahili kifundishwe, iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya elimu. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukuwa na karatasi ya Kiswahili, na somo lisilotahiniwa huwa la kwanza kunyang'anywa saa zake. Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza liwe la lazima. Pendekezo hilo lilipata nguvu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, baada ya ripoti ya Mackay ya 1981. Kwa ghafla walimu ambao hawakuandaliwa walidaiwa sarufi, nao wakashika kilichokuwapo.

Hapo ndipo mabadiliko ya pili yalipotokea. Vitabu vya shule vya Kenya viliacha polepole majina ya M-WA na M-MI, vikachukua yale ya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na mengineyo. Sababu ni bayana. Katika mpango wa zamani, mwanafunzi aliuliza neno *mbwa* au *daktari* liwekwe wapi, na jibu lilikuwa kwamba liko katika ngeli moja kwa umbo na katika nyingine kwa matendo. Katika mpango mpya, kila kinachosema *a-* na *wa-* kimo pamoja. Mwalimu wangu wa shule ya msingi, aliyefunzwa ualimu zamani, aliandika M-WA. Wa sekondari akatuambia tuyafute hayo na kuandika A-WA. Hakuna kati yao aliyetueleza kwamba ile ilikuwa mijadala ya wataalamu. Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ng'ambo, niliwakuta Wazungu wakilikariri jedwali lile la kwanza, nalo liliwafaa sana. Ndipo nilipofahamu limetungwa kwa ajili ya nani.

Sasa tuangalie mtoto mwenyewe. Katika Kikamba, *ng'ombe yakwa* ni ng'ombe wangu, na *ngitĩ ĩno* ni mbwa huyu. Mnyama hufuata ngeli ya umbo lake, si uhai wake. Zaidi ya hayo, wingi wa *mwana* ni *syana*, na watoto wote ni *syana syonthe*, kwa upatanisho ule ule wa *syĩndũ*, yaani vitu, na hapana mzazi anayeudhika. Kwa hiyo mtoto anapoandika "mbwa hii imepotea," hajakosa utaratibu. Ameufuata utaratibu kwa ukamilifu kuliko Kiswahili chenyewe kinavyoufuata. Kwani Kiswahili kinasema *mbwa wangu* lakini *rafiki yangu*, *watoto wangu* lakini *ndugu zangu*, na mwanafunzi akiuliza sababu hujibiwa kwamba ndivyo ilivyo.

Jibu bora lipo. Mwaka 1975 Benji Wald alionyesha kwamba upatanisho wa viumbe hai, unaowaingiza wanyama katika *a-/wa-* bila kujali umbo la nomino, ni sifa iliyoenea katika lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini-mashariki. Kikamba kimebaki na upatanisho wa umbo, ambao ndio wa kale. *Rafiki yangu* ni masalio yake ndani ya Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kabisa kulielewa hili, tena kwa haraka kuliko mwalimu wake, maana ushahidi uko kinywani mwake. Hapo huona kwamba lugha ya kwao ni ndugu mwenye kumbukumbu, wala si mzigo wa kuachwa mlangoni.

Lakini si kila kosa linatoka mahali pamoja, na hapa Kitui na Makueni hutengana kidogo. Reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na barabara kuu ya Mombasa ikafuata njia hiyo hiyo. Kitui ilibaki kando. Mtoto wa Makindu hukua akisikia Kiswahili cha madereva na wachuuzi, nacho husema "hii mbwa." Katika ziara zangu za kuwakagua walimu wanagenzi nimesikia ndani kabisa ya Kitui "mbwa hii," kwa mpangilio ule ule wa *ngitĩ ĩno*. Kalamu nyekundu huyasahihisha yote mawili kwa alama moja, ilhali la kwanza ni desturi ya lugha ya mitaani na la pili ni tafsiri ya sarufi ya nyumbani. Dawa yake haiwezi kuwa moja.

Hali kadhalika kuna "katoto" na "tutoto," ambazo walimu huziita uvivu. Ngeli ya KA-TU haimo katika Kiswahili sanifu, kinachotumia *ki-/vi-* kwa udogo. Lakini imo katika Kikamba, Kikuyu na Kimeru, na *kana* na *twana* ni maneno ya kila siku. Kuna pia "mtu yule alikuja" panapotakiwa *mtu aliyekuja*, kwa sababu Kikamba hutumia *ũla* kurejesha. Kwa upande mwingine *nyũmbanĩ* ni *nyumbani*, na mwalimu hupoteza kipindi kizima akifundisha kiambishi ambacho darasa zima lilikuja nacho.

Mtu aweza kusema kwamba mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 umelitatua jambo hili, kwa kuwa lugha za kienyeji zina saa yake katika madarasa ya chini. Saa iko. Mwalimu yule yule hufundisha Kikamba, akafuta ubao, akaanza Kiswahili, na yaliyofutwa hayatajwi tena. Katika sekondari, karatasi ya lugha imezoea kumwamrisha mtahiniwa aandike sentensi katika ukubwa, katika udogo au katika wingi. Mwenye kukariri majedwali huyajibu hayo vizuri.

Mwanagenzi mmoja niliyemkagua Kitui alithubutu kuacha ubao bila kuufuta. Aliandika nomino kumi za Kikamba upande mmoja, za Kiswahili upande wa pili, akawataka wanafunzi waongeze *-angu* na *-akwa* kila upande na kutafuta zinapoachana. Waliona wenyewe, bila kuambiwa, kwamba zinaachana kwa wanyama na watoto. Msichana wa safu ya nyuma akauliza kama zamani Waswahili nao walisema "ng'ombe yangu." Kipindi kilikwisha kabla hajajibiwa, na wiki iliyofuata darasa hilo liliingia katika marudio ya mtihani.