Vita vya Maji Baridi

Bujora, kilima cha Kisesa kilicho kama kilomita 20 mashariki ya mji wa Mwanza, hujulikana na wengi kwa ngoma zake za watemi, kwa kanisa lake lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, na kwa makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari wa Kanada, katika miaka ya 1950. Wala sina haja ya kuyarudia hayo, maana kila mtoto aliyepelekwa pale kwa basi la shule ameyasikia. Haya yangu yalianza siku ya sikukuu ya Bulabo, wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu walipokuwa wakinyang'anyana watazamaji kwa kila hila ya mganga na mchezaji, nami nimekaa kivulini na mwalimu mstaafu kutoka Tanga, mtu wa adabu na maneno mengi, akinihadithia misafara ya merikebu zilizopeleka silaha Urusi katika Vita vya Pili: jinsi msafara mmoja wa Julai 1942 ulivyopoteza merikebu 24 kati ya 35, na jinsi mabaharia walivyovunja barafu sitahani kwa mashoka ili chombo kisipinduke kwa uzito wake.

Kisha akanitazama kwa huruma, akasema, "Nyinyi wa bara, mzee wangu, hamkujaaliwa bahari, na asiye na bahari hana tarikhi ya manowari."

Nikamwambia, "Sisi, mwalimu, tulipigana katika maji baridi kabla yao." Akacheka, akidhani nimefanya mzaha wa lugha, na kwa kweli nilifanya, lakini nilikuwa na hoja.

Kwamba Speke aliliona ziwa hili letu la Victoria tarehe 3 Agosti 1858, na kwamba Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, ni mambo ya vitabu vya shule, tuyaache huko. Ilipozuka vita mwaka 1914, Waingereza walikuwa na stima kadhaa zilizoletwa vipande vipande kwa reli hadi Kisumu na kuungwa huko, Winifred, Sybil, Nyanza na nyinginezo, hali Wajerumani wa Mwanza walikuwa na kijimeli cha kuvutia matishari, Muansa, kilichofungwa mzinga mdogo. Waandishi waliotangulia, wale wachache waliojishughulisha nasi, husema Waingereza walilimiliki ziwa tangu mwanzo, na hapo ndipo ninapokataa. Septemba ya mwaka ule ule Winifred ilipofika Karungu na askari wake, Muansa iliifyatulia, na Winifred ikageuka ikaenda zake, isirudi ila imeandamana na mwenziwe. Novemba, Sybil ilipanda mwamba pwani ya Majita ikaachwa pale, hata ikalazimu jeshi litumwe Mei 1915 kwenda kuikwamua. Machi 1915 Winifred iliibana Muansa karibu na mlango wa Rugezi, baina ya Ukerewe na bara, ikaisukumiza ufukoni. Wajerumani wakaizamua, wakaitengeneza, ikaelea tena. Huo ndio umilki? Mmiliki hafukuzani na mtumishi wake miezi kwa miezi.

Wengine, na hawa hunikera zaidi, huchanganya ziwa letu na Tanganyika, kwa sababu huko ndiko zilikopelekwa mashua mbili za kuchekesha kutoka London, na huko ndiko mwandishi Forester alikopatia kisa cha riwaya yake; basi kila ukitaja vita vya ziwani, msikilizaji hukuuliza habari za meli ya Liemba, ambayo haikupata kuuona Mwanza hata siku moja.

Msafara nao tulikuwa nao. Juni 1915 stima za Waingereza ziliondoka Kisumu zimesheheni askari zaidi ya 1,000, zikakata ziwa hadi Bukoba, wakautwaa mji, wakauvunja mnara wa simu ya upepo, wakapora nyumba, wakarejea walikotoka. Majina ya maofisa yameandikwa yote. Lakini stima zile zilikula kuni, na tanuru halijilishi: palikuwa na watu waliokata magogo pwani, na watu waliosimama chini ya sitaha uchi hadi kiunoni, wakitupia moto mchana na usiku, wasione adui wala ufuko, na ambao, lau chombo kingepigwa, wangekuwa wa mwisho kupata habari na wa kwanza kuzama.

Na kuna mzinga. Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja Septemba 1914, ilipomalizwa katika Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, na mmoja wake ukaletwa Mwanza. Msomaji asilipite neno hilo haraka. Reli ya Kati ilipita Tabora. Reli ya Mwanza haikufika mpaka 1928. Baina ya miji hiyo ni zaidi ya kilomita 300 za mbuga, mito ya masika na udongo mweusi unaonata kama ugali mbichi. Mtutu peke yake ulizidi tani moja. Uliburutwa kwa mikono na mabega ya watu, katika nchi ambayo kazi nzito haifanywi bila wimbo, ili chuma cha bahari kilinde ziwa. Kisha Julai 1916 Waingereza, wakiongozwa na jemadari wao Crewe, hawakuukabili mji kwa mbele; walishuka usiku Kongoro, mbali upande wa mashariki, wakaujia kwa nchi kavu. Tarehe 14 mji ukaanguka. Wajerumani waliuharibu mzinga, wakakimbilia kusini.

Yaliyofuata nayataja upesi. Katika Vita vya Pili, tarehe 12 Februari 1944, meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini katika msafara wa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi na watu 1,297, mamia yao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Mwalimu alikuwa ameacha kuitazama ngoma. Aliniuliza tena uzito wa mtutu, nikamwambia. Akanyamaza kitambo, kisha akataka nimwoneshe kwa kidole ni upande gani ilikuwa ikiingia njia ya Tabora.