N ya 'Ndiyo' iliyogeuka 'La'

Mwezi jana nilikwenda kaunti ya Turkana kuzungumza na walimu wa Kiswahili. Nilikwenda kufundisha, nikarudi nimefundishwa. Somo lenyewe lilihusu herufi moja tu, herufi N, na jinsi ilivyomkosesha kijana mmoja wa Kakuma nafasi ya masomo. Kisa hicho hakieleweki bila historia yake. Kwa hivyo msomaji wangu aniwie radhi nikianzia mbali kidogo.

Wengi wetu hutumia tarakilishi kwa kubofya picha. Iko njia kongwe zaidi: unaandika amri, mashine inakujibu kwa maandishi. Programu inayopokea amri hizo iliitwa 'shell' na Mfaransa Louis Pouzin katikati ya miaka ya 1960. Maana yake ni kombe au gamba, kwa sababu inakizunguka kiini cha mfumo kama kombe linavyomzunguka konokono. Mfumo wa Unix ulipozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, uliirithi fikra hiyo, na hadi leo mafundi wanaiishi.

Ndani ya kombe hilo ndimo arifa za tarakilishi zilimoanza. Mashine moja ilitumiwa na watu wengi, na msimamizi aliyetaka kuwapasha jambo aliliandika katika faili moja, likamlaki kila aliyeingia. Ilikuwa kama ilani inayobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Mwaka 1980 watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa programu ya kumjulisha mtu kwamba barua pepe imefika. Waliiita 'biff', jina la mbwa aliyezoeleka katika idara yao. Jina lilifaa, maana arifa ni mbwa wa mlangoni: akibweka kwa sababu humshukuru, na akibweka kila saa utatafuta namna ya kumnyamazisha.

Neno letu 'arifa' lenyewe lina ukoo wa kuheshimika. Linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujua, na ndugu zake ni 'arifu', 'taarifa' na 'maarifa'. Tazama jinsi ndugu hao walivyogawana kazi. Maarifa ni ujuzi alionao mtu, taarifa ni habari iliyopangwa na kutolewa, na arifa siku hizi ni ule ujumbe mfupi unaojitokeza kwenye kioo cha simu. Hakuna baraza lililoketi likaugawa urithi huo. Ni matumizi yaliyougawa.

'Sasisha' ni kijana zaidi. Wapo waliolipinga wakisema kitenzi hakiwezi kuzaliwa na kielezi 'sasa'. Hoja hiyo haina mashiko. Kiswahili kimekuwa kikifanya hivyo tangu jadi: karibu ikazaa karibisha, tayari ikazaa tayarisha, hakika ikazaa hakikisha, lazima ikazaa lazimisha. Kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Mshindani wake ni 'huisha', yaani kutia uhai. Nitarudi kwa hawa wawili, kwa kuwa ugomvi wao nilikutana nao Lodwar.

Kabla ya kufika huko, tukumbuke masasisho yalivyokuwa yakitufikia zamani. Mfumo wa Ubuntu ulitolewa mwaka 2004, na jina lake ni binamu wa neno letu 'utu'. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 wenyewe walikuwa wakituma diski bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Nilipokea zangu katika sanduku la posta, nikazigawa kwa wanafunzi. Sasisho lilikuwa kitu unachokishika mkononi, na kama una rafiki Turkana, unampa dereva wa basi la Kitale amfikishie. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa kupitia baharini, na diski zikaanza kusahaulika. Sasisho likawa kitu kisichoshikika, kinachokuja kikiwa kimetanguliwa na arifa, na kinachokula bando.

Ugumu wa Lodwar uko hapo hapo kwenye bando. Fundi mmoja, binti hodari anayetunza tarakilishi za taasisi ndogo mjini, alinionyesha mashine yake kuu. Kila alipoingia asubuhi, kombe lilikuwa likimwambia ni masasisho mangapi yanasubiri na mangapi kati yake ni ya usalama. Sasa lilikuwa kimya. Alikuwa ameunda faili tupu iitwayo '.hushlogin', ambayo kazi yake ni kuziba mdomo wa salamu hizo.

"Prof, hiyo ujumbe ilikuwa inanisumbua kila siku," aliniambia. "Na nikisasisha, bando ni ya nani?"

Sikumsahihisha sarufi, maana swali lake lilikuwa zito kuliko upatanisho wa kisarufi. Nilimuuliza tu anatumia amri ipi. Akanieleza kwamba zipo mbili, 'update' na 'upgrade', na kwamba mwongozo wa Kiswahili aliopewa ulizifasiri zote mbili 'sasisha'. Basi akaziogopa zote mbili.

Programu ya apt, iliyoingia rasmi katika mfumo wa Debian mwaka 1999, inatofautisha amri hizo waziwazi. Ya kwanza huleta orodha tu ya vilivyo vipya, kama mtu anayekwenda sokoni kuuliza bei. Ya pili ndiyo inayobeba magunia kuja nyumbani. Orodha ni nyepesi, na kwa kawaida magunia ni mazito. Isitoshe, kabla ya kuyabeba, apt hukutajia uzito wake kwa megabaiti, kisha inakuuliza kama uendelee. Binti huyu angeweza kuipata orodha kila asubuhi kwa gharama ndogo, achague masasisho ya usalama pekee, na mengine ayaache hadi usiku bando linapokuwa rahisi. Angeweza pia kuipa mashine moja kazi ya kupakua na kuzigawia nyingine. Hakufanya hivyo kwa kuwa neno moja lilikuwa limebeba maana mbili, na fundi mwenye busara akiona asichokielewa hukiacha.

Hapa ndipo 'huisha' na 'sasisha' wanaweza kupatanishwa. Badala ya kuwashindanisha, tuwape kila mmoja kazi yake: tuhuishe orodha, tusasishe programu. Si jambo geni. 'Barua' na 'waraka' yalikuwa maneno jirani sana, lakini leo mwalimu mkuu akisema amepokea waraka, kila mtu anajua umetoka wizarani, haukutoka kwa shangazi yake. Binti alilijaribu pendekezo langu kwa kulitamka mara mbili, akacheka, akaenda kuifuta ile faili ya kunyamazisha.

Kutoka Lodwar niliendelea hadi Kakuma, safari ya takriban kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Kambi ya huko ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi wa vita vya Sudan, wengi wao wakiwa wavulana waliotembea bila wazazi. Tangu wakati huo wamekuja Wasomali, Waethiopia, Warundi, Wakongo na wengine. Mkongo hakujifunza Kiswahili Kakuma, alikuja nacho kutoka nyumbani. Ndiyo maana katika kituo kimoja cha kujifunzia ambacho sitakitaja, Kiswahili ndiyo lugha ya kazi. Kijana aliyekuwa akizitunza tarakilishi za kituo hicho ni Mkongo. Alijifundisha amri za Linux kwa kuzinakili daftarini, ukurasa baada ya ukurasa.

Alikuwa na malalamiko. "Mwalimu, kila Jumamosi mashine inaniuliza, mimi naiambia ndiyo. Inakataa. Jumamosi ingine inauliza tena."

Nikamwomba anionyeshe. Akaandika amri, orodha ikateremka, uzito ukatajwa, kisha swali likatokea kwa Kiingereza likifuatwa na mabano yenye herufi mbili, Y na n. Kijana akabonyeza N bila kusita. Mashine ikaandika neno moja, 'Abort', yaani shughuli imekatizwa.

"Umeona?" akaniambia. "Ni mtandao."

Haukuwa mtandao. N yake ilikuwa ya 'ndiyo'. N ya mashine ilikuwa ya 'no'. Kwa miezi kadhaa aliikubalia kwa Kiswahili, na yenyewe ikamsikia akikataa kwa Kiingereza. Wakati huo wote programu ya kuvinjari wavuti ilizidi kuzeeka. Siku alipotaka kujaza fomu ya kuomba masomo ya chuo kwa mtandao, ukurasa haukufunguka. Alidhani fomu ina hitilafu, akasubiri. Tarehe ya mwisho ikapita.

Nilikaa kimya kidogo, kwa aibu, kwa sababu sisi wanaisimu tulikuwa na muda wa kutosha kuliona jambo hili. Sehemu ya viwango vya POSIX inayohusu shell, iliyoidhinishwa mwaka 1992, iliwekea kila lugha nafasi ya kueleza 'ndiyo' yake na 'la' yake huandikwaje, ili programu zisome jibu kwa lugha ya mwenye mashine. Wagiriki wanalielewa jambo hili vizuri, maana 'ndiyo' yao hutamkwa 'ne', na sikio la Mwingereza husikia kukataa. Sisi nasi tulianza vyema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na wataalamu wa lugha waliketi meza moja na waandishi wa programu.

Lakini nguvu zetu nyingi zilimalizikia kwenye nomino. Tuligombana kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi, tukajaza kurasa za magazeti, hii ikiwemo. Aliyeuliza mtumiaji akiulizwa swali atabonyeza nini hakuwepo, au alikuwepo nasi hatukumsikia. Wala kufasiri nusunusu hakutoshi. Pale ambapo swali limebaki la Kiingereza ilhali jibu linasomwa kwa Kiswahili, mambo hupinduka: anayebonyeza N akidhani amekataa, amekubali.

Pendekezo langu ni dogo. Katika maswali yenye uzito, programu za Kiswahili zidai neno zima, 'ndiyo' au 'hapana', badala ya herufi. Si jambo gumu. Programu ya ssh, mtu anapoingia kwa mara ya kwanza katika mashine ya mbali, humdai aandike neno zima la Kiingereza la kukubali, na herufi moja haitoshi. Walioiandika walijua kwamba kukubali ni jambo zito. Na wanaotunga istilahi nchini na Tanzania, kila orodha ya maneno mapya ya tarakilishi wanayoitoa iambatane na orodha ya maswali ambayo mashine huuliza, na majibu yake.

Jioni ile kijana alibonyeza Y. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona magunia yakishuka, mstari baada ya mstari, na tuliiacha mashine ikifanya kazi tukaenda kunywa chai. Aliandika katika daftari lake, kwa wino mwekundu: "N si ndiyo." Nilitamani kumwambia afute, kwa maana kwa Kiswahili hiyo si kweli. Sikumwambia. Kwa mashine iliyo mbele yake ni kweli, na ana fomu nyingine ya kujaza mwaka ujao.