Taka, Takataka na Takatifu



Leo tulitazame neno dogo tunalolitamka kila asubuhi tushikapo ufagio: taka. Limetoka wapi? Wachunguzi wa lugha za Kibantu hutuambia kwamba shina lake ni la kale sana, na kwamba maana yake ilikuwa udongo. Hata leo Mganda akisema ettaka anataja udongo na ardhi, naye Mnyarwanda huiita ardhi ubutaka. Neno ambalo kwa jirani zetu ni urithi wa watoto, kwetu sisi limekuwa kitu cha kutupwa.

Si ajabu. Zamani kilichofagiliwa nyumbani kilikuwa vumbi, majivu na maganda, navyo vilirudi kuwa udongo. Ruiru, mahali palipotolewa kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, wakulima wanajua kwamba maganda ya kahawa yakioza huwa mbolea. Lakini plastiki haioni njia ya kurudi udongoni. Ndiyo maana Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na sheria ya mwaka 2022 ikatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza.

Huko Thika kuna jaa la Kang'oki, ambako malori humwaga taka za mji huo na za Ruiru pia. Watu huchokora humo, wakitafuta chuma, chupa na karatasi za kuuza wapate chakula. Na kutokana na kuchokora huko, mitaani tumewapa watoto wasio na makao jina la chokoraa. Hapo ndipo tulipokosa, ndugu zetu. Jina la jaani tumelitoa kwenye kitu, tukambandika mtu.

Mtume Paulo aliyajua matusi hayo. Katika 1 Wakorintho 4:13, Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 yatuonyesha kwamba yeye na wenzake walihesabiwa kuwa takataka za dunia. Tena katika Wafilipi 3:8 yeye mwenyewe anataja takataka, kama ilivyo katika Biblia Habari Njema. Union Version ilitumia neno kali zaidi, mavi. Lakini angalieni: hapo hasemi juu ya maskini yeyote. Anasema juu ya ukoo wake, elimu yake na sifa zake mwenyewe.

Basi sikilizeni maneno haya: takata, takasa, takatifu. Kutakata ni kuwa safi. Kutakasa ni kukifanya kitu kitakate. Na kutoka takata tumepata takatifu, neno tunalomwitia Mungu. Sikio halikosi kuisikia taka ndani yake. Naye Mungu, asema Mwanzo 2, alimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi. Hakuudharau udongo.

Kesho tutakutana na kijana mwenye gunia mgongoni, akitoka kuchokora. Tusimwite kwa jina la jaa. Tumsalimu, tumwulize jina alilopewa na mama yake, tulishike.

Bwana awabariki. Amina.