Senti, Sheldon na bei ya katikati

Tarehe 12 Novemba 2025, kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilifyatua senti ya mwisho ya kuingia madukani Marekani. Senti hiyo, iliyoanza 1793, imewaachia wakusanyaji wa sarafu urithi mzito: kipimo cha 1 hadi 70.

Kilibuniwa na William Sheldon, mwanasaikolojia aliyependa mno senti kubwa za shaba. Katika kitabu chake cha 1949 alizichukua senti za 1794, akaipa 1 ile iliyosagika ikabaki kutambulika tu, na 70 ile isiyo na dosari. Namba ndiyo ilikuwa bei: iliyosagika ikiwa dola 1, ya daraja la 20 ni dola 20.

Soko liliikataa hesabu hiyo, namba zikabaki. Kitabu cha bei chenye jalada jekundu cha R. S. Yeoman, kilichotoka mara ya kwanza 1946, kwa senti za zamani huweka safu ya 20 kisha ya 40. Ya 30 haina safu. Itazame sarafu yenyewe: kwenye 20, nywele za Bibi Uhuru zimelainika juu ya sikio; kwenye 40, nyuzi nyingi zingalipo. Tuseme ya 20 ni dola 400 na ya 40 ni dola 1,000. Wengi huiandika ya 30 dola 700, na hulipa zaidi ya inavyostahili. Bei haipandi kwa vidato sawa, hupanda kama mlima, mkali zaidi kileleni. Ukiongeza kwa asilimia ileile kila hatua, unapata kama 630. Kuwaachia wanaoanza pengo hilo bila maelezo ni kuwaonea.

Sheldon alilijua vyema pengo la bei kati ya daraja moja na jingine. Baada ya kifo chake mwaka 1977 ilibainika kwamba katika hazina ya American Numismatic Society, New York, senti nzuri zilitolewa na mahali pake zikawekwa za chapa ileile zilizochakaa zaidi. Zilizotoweka zilikuwa zimepitia mikononi mwake. Idadi ya senti haikupungua hata moja, ndiyo maana miaka ilipita bila mtu kushtuka. Lililopungua ni daraja. Mkusanyaji ambaye Sheldon alimuuzia senti hizo mwaka 1972 alijitetea kwamba muda wa kudai umepita. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya California ikasema muda huanza kuhesabiwa mwenye mali anapogundua ni nani anayeishikilia mali iliyoibwa.

Kampuni za kupima sarafu na kuzifungia kwenye plastiki zilifuata kuanzia 1986, na namba zinazochapwa kwenye kibandiko ni zilezile za Sheldon.