Hisa

Neno hisa tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni fungu la mtu katika mali ya ushirika. Kwa hiyo Soko la Hisa la Dar es Salaam, lilipoanza biashara mwezi wa Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, TOL, lilikuwa likiuza umiliki, wala si karatasi za bahati nasibu. Hapa Chanika, ambako mtu hupanda mnazi katika kiwanja chake hali akijua kwamba nazi ya kwanza itamkawilia miaka, kumiliki kitu na kukingojea si jambo geni. Hisa za ukuaji nazo, kama mnazi huo, hutaka subira: ni zile za kampuni ambayo, badala ya kuwagawia wenye hisa faida yote kwa jina la gawio, huirudisha katika rasilimali ili kazi yake ipanuke. Basi azichaguaye, kabla ya kutazama bei, hana budi kuzisoma hesabu za miaka kadhaa na kuuliza kama mapato yanaongezeka kweli, au ni madeni tu yanayonenepa. Mwenye haraka ya gawio, na haja hiyo ni halali kabisa, atafute fungu jingine.